Alama Haina Tarehe

Kaka yangu hakuwahi kushika glasi kama watu wengine. Aliishika ukingoni, kwa ncha za vidole, kama kitu cha kuazima. Ukimkaribisha maji, kwanza ataiinua kwenye mwanga, ataitazama ubavuni, ndipo anywe. Wifi yangu, mkewe, alishachoka kuona haya mbele ya wageni. "Msimjali," alikuwa akisema, "anasoma gazeti lake."

Kazi yake ilikuwa alama za vidole. Mahali palipovunjwa au palipouawa mtu, polisi walitangulia na viatu vyao vikubwa, kisha akafuata yeye na kisanduku cha bati: brashi laini, makopo ya poda nyeusi, utepe wa kunatia na lenzi ya kukuzia. Anapaka poda kwenye kioo au kitasa, mistari ya vidole inajitokeza, anainyanyua kwa utepe, anaibandika kwenye kadi nyeupe, kisha anarudi ofisini kuilinganisha na vidole vya mshukiwa. Kwa ajili ya poda hiyo kola za mashati yake hazikuwahi kutakata, na watoto wa mtaani wakampa jina la Mzee Vumbi. Alilipenda. Mtu anayependa sifa huzipenda hata zikija kwa utani, na kaka yangu, simsingizii, alipenda sifa.

Na sisi ndugu zake tulimpalilia. Ukoo wetu ni wa wenye vibanda na mafundi cherehani, mimi nikiwa mmoja wao. Yeye peke yake ndiye aliyefuatwa na gari la serikali kupelekwa mahakamani, akaitwa "mtaalamu" na watu waliovaa majoho. Mtoto wangu akikana kugusa sukari, nilimwambia tu, "Haya, ngoja tumwite mjomba na brashi yake." Alikiri kabla sijamaliza kusema.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee mmoja wa idara waliyemwita Mwalimu, na pamoja na mambo mengine Mwalimu alimrithisha kanuni moja. Poda ikidaka mara moja na mistari ikasimama safi, alama hiyo ni mbichi, ya jana au juzi. Poda ikisitasita na kushika mabaka mabaka, alama imelala. Mwalimu naye alifundishwa na mkubwa wake, na mkubwa wake na mkubwa wake. Ilikuwa kama dawa ya kikohozi ya bibi: kila mtu anaitumia, kila mtu anaapa kwamba inaponya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akaipima.

Sasa nifike kwa fundi vioo.

Mama mmoja mjane, aliyeishi peke yake kwenye nyumba yenye bustani, alikutwa amekufa sebuleni, kapigwa kichwani, na dirisha la nyuma li wazi. Kwa ndani, kwenye kioo cha dirisha hilo, kaka yangu alipata alama za vidole vinne vya mkono wa kulia. Vilikuwa vya kijana mmoja fundi vioo, ambaye vidole vyake vilikuwa kwenye kumbukumbu za polisi tangu ugomvi wa zamani wa baa. Kwamba vilikuwa vyake, hilo hata yeye hakubisha. Alisema jambo moja tu, akalirudia mpaka sauti ikamkauka: kioo kile alikiweka yeye. Mama yule alimwita amtengenezee dirisha, miezi mingi kabla ya kufa. Lakini aliyemwita ndiye huyo marehemu, na watoto wake waliishi mbali, hawakujua fundi wala dirisha.

Nilikuwepo mahakamani siku kaka alipotoa ushahidi. Nilivaa gauni nililojishonea, nikakaa mstari wa mbele kama mama wa bwana harusi. Mwendesha mashtaka alimuuliza, "Mtaalamu, mshtakiwa anadai alama hizi ni za zamani. Je, unaweza kuiambia mahakama umri wake?" Kaka yangu akanyoosha koti. Akasema, "Ni mbichi, mheshimiwa. Poda ilidaka mara moja. Zisingeweza kuzidi siku mbili tatu." Akaulizwa kama ana hakika. Akasema ana hakika kama anavyolijua jina lake.

Ulimi hauna mfupa. Kioo cha zamani kilikuwa ndiyo kinga pekee ya yule kijana, na neno hilo moja liliipasua. Alipiga kelele kutoka kizimbani, "Mzee, nilikiweka mimi! Nilikiweka mimi kioo kile!" Askari wakamkalisha. Akafungwa maisha. Tulipotoka nje nilimpangusa kaka yangu kola, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtoto wa mama umeongea!"

Miaka ikapita, kaka akastaafu. Wastaafu wengine hufuga kuku. Yeye alikuja kwangu kila alasiri, akakaa kwenye chumba changu cha kushonea, akinikosoa pindo kana kwamba aliwahi kushika sindano maishani mwake. Kisanduku chake cha bati alikuwa nacho bado, kwa sababu wajukuu walipenda kuonyeshwa mambo. Siku moja mjukuu wangu wa kike, mdadisi asiyejua kuchoka, akamwambia, "Babu Vumbi, tafuta mwizi kwenye dirisha la bibi."

"Dirisha la bibi yako halina mwizi," kaka akasema, "lina uvivu. Hebu ona lilivyo chafu."

Nikamtupia kitambaa, nikamwambia kama anaona uchafu basi aufute. Chumba kile kina dirisha refu, na sehemu yake ya juu inazibwa na kabati la vitambaa. Huko juu mimi sifiki na wala sijisumbui kufika. Kaka akapanda kwenye kiti ili amfurahishe mtoto, akachovya brashi, akaizungusha kwenye pembe ya juu ya kioo.

Kidole gumba kikatokea, kikubwa na cheusi, mistari yake imesimama safi kama mishono ya cherehani mpya. Mtoto akapiga makofi. Kaka akacheka, akasema kwa mazoea yake, "Mbichi hii! Nani kapanda huku jana?"

Hakuna aliyekuwa amepanda. Akaweka lenzi. Gumba lile lilikatwa na kovu refu la mshazari. Basi akatupanga, watu wazima na akili zetu, mmoja mmoja tukamwonyesha magumba: mimi, binti yangu, mkwe wangu, hata dada wa kazi aliyedhani amesingiziwa wizi akaanza kulia. Hakuna mwenye kovu.

"Labda ni yule fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

"Aliyeniwekea kioo. Si unakumbuka upepo ulivyokivunja? Alikuwa na gumba limechanwa hivi, nilimwambia atafute kazi nyingine kabla hajamaliza vidole."

"Alikuja lini?"

"Kabla binti hajaolewa. Na huyu mtoto unayemchekesha ana umri gani?"

Nilisema kwa utani, maana ndivyo tunavyozungumza. Kaka hakucheka. Alibaki juu ya kiti, mkono mmoja kwenye kabati, anakitazama kile kidole. Mtoto akamvuta suruali, hakugeuka. Aliposhuka alishuka kama mzee kweli, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kaka yangu amezeeka.

Hakuniambia kitu siku ile. Ila kuanzia hapo alianza vituko. Alibonyeza vidole vyake kwenye vioo vyangu vyote, vingine vikavu, vingine alivyovipaka puti, ule udongo wa mafuta ambao mafundi hukandika ukingoni mwa kioo kukishikilia. Vingine juani, vingine nyuma ya pazia. Akanikataza nisisafishe dirisha hata moja. Nilinung'unika miezi yote hiyo, wateja wangu wakadhani nimekuwa mchafu uzeeni. Mara kwa mara alikuja na brashi kuvijaribu. Kidole cha wiki iliyopita kilikataa poda, kidole cha miezi mingi kilidaka mara moja. Kingine kilifanya kinyume chake. Hakukuwa na mpangilio. Kanuni ya Mwalimu haikuwa kanuni. Ilikuwa maneno.

Ndipo akaketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza yote. "Mdogo wangu," akasema, "alama ni ya nani, hilo naweza kusema, nalo kwa uangalifu. Iliwekwa lini, siwezi. Hakuna awezaye. Yule kijana alisema kweli kuhusu kioo, au huenda alisema kweli, na mimi nilimfunga kwa kitu nisichokijua."

Nilitaka kumfariji. Nilikumbuka gauni langu na mstari wa mbele, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Alipomwambia wifi, nyumba iliwaka moto. Wifi si mwanamke mbaya, ila jina la mumewe ndiyo mali aliyonayo. "Wewe ulifundishwa hivyo!" akamwambia. "Kosa ni la waliokufundisha."

"Waliofundisha hawakushika kitabu wakaapa," kaka akajibu. "Niliapa mimi."

"Na wanao je? Watapita wapi? Watasemwa watoto wa nani?"

"Watoto wa mtu aliyekosea."

Wifi akanigeukia mimi. "Shauri lenyewe lilizaliwa kwako, kwenye hilo dirisha lako lisilofutwa. Mwambie nduguyo!"

Nami, nilivyo na mdomo, nilimjibu kwamba dirisha langu linaweza kuwa chafu lakini halijamfunga mtu. Tukanuniana mwezi mzima. Najua sasa kwamba alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na macho.

Kaka akaenda kwanza idarani. Mkubwa wake wa zamani alimpokea vizuri, akamfungia mlango, akamwambia jambo lililomkosesha usingizi kuliko yote. "Mzee mwenzangu, unafikiri utamtoa mmoja? Sisi sote tulisema mbichi. Ukifungua mlango huo, hatatoka mmoja tu." Kaka aliniambia alipokuwa anashuka ngazi za ofisi ile alitaka kurudi nyumbani, ajifunike shuka, asubiri kufa na heshima zake. Alikaa na wazo hilo siku kadhaa. Hakuja kwangu. Nilipita kwake nikamkuta ukumbini mchana kweupe, ananawa mikono, anaikausha, ananawa tena.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. Sikuwa na hekima nyingine.

"Najua," akasema. "Lakini kuuvua mbele ya watu ni kazi, mdogo wangu."

Akauvua. Alimtafuta wakili wa fundi vioo, kijana aliyekuwa akiisukuma rufaa ya mfungwa huyo kwa kujitolea, bila tumaini kubwa. Wakili alimsikiliza, mwanzo akidhani ametumwa kumtega. Kesi ikafunguliwa upya mbele ya majaji, kaka akaitwa tena.

Safari hii sikukaa mbele. Nilikaa nyuma kabisa, nimejifunga mtandio, wifi pembeni yangu. Alikuja, na mimi sitamsahau kwa hilo. Fundi vioo aliletwa. Aliingia gerezani kijana, sasa ana mvi na meno yamepungua. Hakumtazama kaka yangu hata mara moja.

Kaka alisema yote bila kujikunja. Alisema alivyofundishwa, alivyoamini, alivyojaribu, alivyoona. Alisema, "Neno lile halikuwa sayansi. Lilikuwa mazoea, nami nikaliita sayansi kwa sababu mliniita mtaalamu." Wakili wa serikali akamshambulia, akamuuliza kama uzee haujamchanganya. Watu wakacheka. Kaka akasema huenda, lakini madirisha ya dada yake hayajazeeka, waende wakajaribu wenyewe. Hapo hakuna aliyecheka.

Kisha jaji wa katikati, mwanamke mwenye miwani, aliyekuwa kimya asubuhi nzima, akauliza kwa upole kabisa.

"Shahidi, katika utumishi wako, hili neno la kwamba alama ni mbichi, ulilisema kwenye kesi ngapi?"

Nilimwona kaka mgongo tu, na mgongo ulitosha.

"Sijui, mheshimiwa," akasema. "Halikuwa neno la kuhesabu. Nilikuwa nalisema tu."

Jaji akaandika. Nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mtandio wangu, kwa sababu nilimjua, nilijua namna alivyokuwa akilisema, kwa raha, akinyoosha koti, na mimi nikimsubiri mlangoni nimpanguse kola.

Fundi vioo akaachiwa. Mkewe alikwishaolewa na mwingine zamani, aliyempokea ni dada yake. Kaka alisimama kwenye korido, hakujua aende au abaki. Walipopita mbele yake alisema, "Mwanangu, nisamehe." Yule bwana akasimama, akamtazama kwa muda, bila hasira hata, kama mtu anayesoma bango la duka. Akasema, "Nilikwambia nilikiweka mimi," akaendelea na safari yake. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kusema, na alikuwa na haki nayo.

Tulidhani mambo yameishia hapo. Lakini redio zilitangaza, magazeti yakaandika, na kauli ya mkubwa wake ikatimia. Watu walianza kuja. Walikuja kwa kaka yangu, getini kwake, wake kwa waume, wakiuliza habari za ndugu zao walio ndani. Wifi, yule yule wa jina la mume, ndiye aliyewatolea viti na maji. Kaka alimsikiliza kila mtu, akamwandikia wakili, akaenda kila alipoitwa. Wengine walimtukana, akatukanika. Wengine walimbariki, na hizo baraka zilimuumiza zaidi.

Asubuhi moja nilikuwepo alipokuja mama mmoja mzee, nadhifu, kanga zimepigwa pasi. Hakutaka chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini.

"Sikuja kukusumbua, baba," akaanza. "Sina kesi. Mwanangu alishtakiwa kuvunja duka la watu, mlinzi akaumia akafa. Wewe ulikuja ukaeleza habari za kioo cha kaunta."

Kaka akasema anakumbuka kidogo.

"Mwanangu aliniambia, mama, dukani niliingia wiki nyingi nyuma, kununua, nikaegemea kaunta. Aliniapia. Ukasimama wewe ukasema ni mbichi. Mimi sikusoma, baba. Nikasema mtu wa serikali, amesoma, ana vyombo vyake, atadanganya kwa faida gani? Nikamwambia mwanangu, usinitazame tena. Aliagiza niende kumwona. Sikwenda. Akaagiza tena. Sikwenda. Alikufa mle ndani kwa kifua."

Wifi aliweka sinia chini taratibu. Mimi nilitazama sakafu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu," mama akasema. "Ile ya mwanangu, ilikuwa mbichi au haikuwa?"

Kaka yangu alikuwa analia, lakini alijibu vizuri, kama alivyojizoeza kujibu sasa. "Sijui, mama. Sikuwa na njia ya kujua. Wala sasa sina."

"Basi alikuwa ananiambia kweli?"

"Huenda, mama."

"Huenda," akarudia yule mama. Alilitamka polepole, kama anayejifunza neno geni. Akafungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia, akairudisha. "Ulipokuwa na hakika, nilijua pa kumweka mwanangu. Nilimweka nje ya moyo. Sasa umeniletea huenda. Hii nikaiweke wapi, baba?"

Mama yule alisubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyeuliza swali na kuamini kwamba wenye elimu wanalitafuta jibu. Alipoona kimya akanyanyuka, akatuaga mmoja mmoja, akakataa kusindikizwa hata hadi barabarani.